Bora rubani aanguke ndani ya simuleta kuliko juu ya Birere

Tangu shirika la Air Congo lilipoanza safari zake mwezi wa Desemba 2024 na ndege za Boeing 737-800, swali moja linarudi kila mara kati ya wakaaji wa mashariki mwa nchi. Vijana wetu wanaoendesha ndege ndogo, wale wanaotua Shabunda na Walikale hata pisti ikiwa imelowa, kwa nini hawapewi hizo ndege kubwa moja kwa moja? Wanajua mawingu ya kwetu, wanajua milima, wanajua abiria wa kwetu na mizigo yao. Kwa nini kwanza wapelekwe mbali, wafungiwe siku nyingi ndani ya mashine isiyoondoka chini na ambayo haijawahi kubeba abiria hata mmoja?

Ni swali la haki, na wanaoliuliza wana sababu zao. Nchi hii imeona vijana wengi wakiambiwa kwamba hawajasoma vya kutosha, halafu kazi ikapewa mtu mwingine. Lakini kwa jambo hili jibu liko wazi. Rubani wa ndege ndogo anapaswa kupita ndani ya mashine ile, tena anapaswa kushindwa humo mara nyingi. Anayefaidika zaidi si shirika la ndege. Ni mama anayeuza nyanya upande wa mwisho wa pisti, na ni familia iliyokimbia vita na kujenga kibanda cha bâche chini ya njia ya ndege.

Mashine yenyewe inaitwa simuleta. Kwa nje inafanana na kontena iliyosimamishwa juu ya miguu sita mirefu ya chuma. Rubani anaingia kwa daraja dogo, mlango unafungwa, daraja linaondolewa, na kontena inaanza kuinama na kuinuka. Ndani ni kabini kamili ya ndege: viti viwili, kila kiti na usukani wake, taa na saa zote mahali pake, kitufe kwa kitufe. Nje ya vioo kuna picha ya pisti, milima, mvua, taa za mji. Nyuma ya marubani anakaa mwalimu na skrini zake. Akigusa tu, injini inawaka moto, upepo unageuka, au usiku unaingia saa sita za mchana.

Hata mwili unadanganywa. Ndege inapoanza kukimbia juu ya pisti, rubani anajisikia akisukumwa nyuma kwenye kiti kama kawaida. Kumbe kontena haiendi popote. Imeinuliwa upande wa mbele polepole, na uzito wake mwenyewe ndio unaomlaza kwenye kiti. Macho yanaona pisti inakimbia, mgongo unasikia msukumo, na akili inakubali. Baada ya dakika kumi, jasho linalotoka ni jasho la kweli.

Mashine za namna hii ziko katika miji michache ya Afrika. Kwa mtu wa Congo mashariki, mahali panapojulikana ni Addis Ababa, ambapo chuo cha Ethiopian Airlines kina simuleta za Boeing 737, za Boeing 787 na za Q400. Na kwa kuwa Ethiopian ina sehemu ya 49 kwa mia ndani ya Air Congo, njia kati ya Kinshasa na Addis imekuwa fupi kuliko zamani.

Sasa mfikirie rubani wa mfano, komanda wa Cessna Caravan mwenye miaka kumi ya kazi, anayeingia humo siku ya kwanza. Caravan ina injini moja, urefu wake haufiki mita 13, na ikijaa kabisa uzito wake ni karibu tani 4. Boeing 737-800 ina urefu wa mita 39 na nusu na inaweza kuondoka na tani 79. Ni Caravan ishirini zimefungwa pamoja. Dereva wa moto anayepewa Fuso iliyojaa mihogo na kuambiwa ateremke Kabasha ataelewa haraka.

Shida inaanza kabla ndege haijaondoka chini. Katika Caravan rubani anageuza ndege kwa miguu yake. Katika Boeing kuna usukani mdogo upande wa mkono wa kushoto, na yeye mwenyewe amekaa mbele ya gurudumu la pua. Akikata kona pale macho yanapomwambia, magurudumu ya nyuma yanapita katika majani. Mwalimu hasemi kitu, anaandika tu.

Halafu inakuja mbio ya kuruka. Caravan inanyanyuka kwa mwendo wa kilomita 130 hivi kwa saa. Boeing iliyojaa inangoja mpaka karibu kilomita 260 au zaidi. Rubani aliyezoea pisti fupi za udongo ana tabia ya kuvuta pua juu mapema, na tabia hiyo imemwokoa mara nyingi pale miti inapoanza karibu. Katika Boeing, mkia uko mbali sana nyuma yake. Akivuta pua haraka na kwa nguvu, mkia unakwaruza pisti. Mkono uleule, ujuzi uleule, lakini matokeo ni mengine.

Jambo zito kuliko yote ni injini kuzimika. Kwenye Caravan injini ni moja, na rubani amefundishwa vizuri: injini ikifa, sukuma pua chini usipoteze mwendo, tafuta shamba, barabara au ziwa, tua. Hana nafasi ya kufikiri zaidi, na ndiyo maana anarudia somo hilo mpaka liingie mifupani. Kwenye Boeing kuna mwendo unaohesabiwa kabla ya kila safari, unaoitwa V1. Kabla ya mwendo huo, kikitokea kitu kibaya, rubani anafunga breki. Akishaupita, pisti iliyobaki haitoshi kusimama, kwa hiyo hata injini moja ikifa anaendelea, anapaa na injini iliyobaki, anazunguka na kurudi.

Mwalimu anangoja ndege ipite mwendo huo, halafu anaua injini ya kushoto. Pua inaruka kwenda kushoto. Unatakiwa mguu wa kulia, kwa nguvu, na kuushikilia hapo. Komanda wetu, kwa sekunde mbili tatu, anafanya alichofanya miaka kumi: anapunguza nguvu, anasukuma pua chini, macho yanatafuta pa kutua. Picha inaegama, inakuwa nyekundu, mashine inatikisika, inasimama. Amekufa pamoja na abiria wote. Mwalimu anabonyeza kitufe, ndege inarudi mwanzo wa pisti kana kwamba hakuna kilichotokea, anasema: «Tena, komanda.»

Mara ya pili mguu unachelewa. Mara ya tatu anapaa akiegama. Mara ya nane, au ya kumi na mbili, anafanya sawasawa, na asubuhi yake anafanya tena akiwa amechoka, katika mvua, usiku. Somo hili huwezi kulifundisha vizuri katika ndege ya kweli. Kuzima injini ya kweli mita chache juu ya pisti, kwa ajili ya mazoezi tu, kumeua walimu na wanafunzi wengi duniani.

Kuna vijana katika miji yetu wanaocheza mchezo wa ndege kwenye simu na kusema wanajua kuendesha Boeing. Wacheze, hakuna ubaya, wengine watapata hamu ya kazi. Lakini simu haina mguu wa kulia.

Kutua nako kuna kasheshe yake. Rubani amekaa juu zaidi kuliko alivyozoea, kwa hiyo ardhi inamdanganya: anadhani bado iko mbali. Ndege inakuja kwa kilomita 250 kwa saa au karibu na hapo, mara mbili ya Caravan. Akiona anashuka mno na kuongeza nguvu, injini kubwa hazijibu papo hapo. Zinahitaji sekunde kadhaa kuamka kama zilikuwa zimepumzika kabisa. Na zikiamka, kwa kuwa zimening'inia chini ya mabawa, zinasukuma pua juu. Mtu anayekuja kwa ndege hii anatakiwa kuwa tayari mapema. Mashirika yenye utaratibu yana kanuni: ukifika karibu mita 300 juu ya pisti ukiwa ndani ya mawingu, mwendo, mstari na magurudumu viwe vimekaa sawa. Kama havijakaa, usitengeneze. Paa, zunguka, anza upya.

Hapo ndipo rubani wa ndege ndogo anapoumia zaidi moyoni, maana kazi yake yote ni kutengeneza. Anafika Punia, kuna mbuzi kwenye pisti; anapita juu, anapinda, anatua kando. Anafika kijiji kingine, wingu limekaa juu ya kilima, anatafuta tundu. Watu wanamsifu kwa sababu anafika. Mwalimu wa simuleta anamwambia kinyume: nitakusifu kwa sababu hukutua.

Somo hilo lina makaburi katika nchi hii. Tarehe 4 Aprili 2011, ndege ya CRJ-100 iliyokuwa katika kazi ya Umoja wa Mataifa ilianguka kwenye uwanja wa Ndjili, Kinshasa, ikijaribu kutua wakati wa dhoruba. Kati ya watu 33 waliokuwemo, mmoja tu aliokoka. Wingu la dhoruba linaweza kumwaga upepo kuelekea chini kama maji ya ndoo. Ndege iliyo karibu na ardhi inapewa nguvu kwa sekunde chache halafu inanyang'anywa yote. Marekani walijifunza hilo kwa uchungu baada ya ajali ya Dallas ya tarehe 2 Agosti 1985, na tangu miaka hiyo upepo wa namna hiyo umeingizwa ndani ya simuleta. Rubani anauonja akiwa salama, anajifunza dalili zake, anajifunza kukimbia mapema. Wingu la aina hiyo si geni kwa mtu yeyote anayeishi kati ya Bunia na Kinshasa.

Wengine watasema hayo ni mambo ya nchi tajiri. Historia ya mashine yenyewe inasema vingine. Aliyeitengeneza ya kwanza, Edwin Link, alikuwa kijana wa mji wa Binghamton huko Marekani, mtoto wa mwenye karakana ya vinanda vya kanisa na vya sinema. Alitaka kujifunza kuendesha ndege, na masomo yalikuwa ghali mno kwake. Kufikia mwaka wa 1929 alikuwa amechukua mivuo ileile inayopuliza hewa katika vinanda, akaiweka chini ya kabini ndogo ya mbao, na kabini ikawa inainama kama ndege. Kwa miaka kadhaa watu waliiona kama mchezo wa watoto, na nyingine ziliuzwa kwenye viwanja vya starehe. Mwaka wa 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kupeleka barua kwa ndege. Katika wiki chache tu marubani kadhaa walikufa kwa sababu hawakuzoea kuruka gizani na ndani ya mawingu. Ndipo jeshi likanunua mashine sita za Link. Vilipokuja vita vikuu vya pili, wanajeshi zaidi ya laki tano walipita ndani yake.

Ni kusema, simuleta ilizaliwa kwa kijana aliyekosa pesa ya masomo, na ikakubaliwa baada ya mazishi. Congo imeshakuwa na mazishi ya kutosha.

Watu wa Goma hawana haja ya kukumbushwa. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege ya DC-9 ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa pisti na kuingia katika maduka na nyumba za Birere. Watu wapatao 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa abiria. Walikuwa wanauza, wanapika, wanapita. Pisti ile ilikuwa imefupishwa na lava ya Nyiragongo ya Januari 2002, nao uwanja wenyewe uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, ambako hewa nyepesi inaidai ndege mbio ndefu zaidi. Tarehe 24 Novemba 2019, Dornier 228 iliyokuwa inaenda Beni ilianguka juu ya nyumba za Mapendo muda mfupi tu baada ya kuruka. Zaidi ya watu 20 walikufa, na kati yao wako waliokuwa nyumbani kwao. Hiyo ya pili ilikuwa ndege ndogo. Tutarudi kwake.

Kuna wanaopinga, na wanapaswa kusikilizwa. Wanasema: simuleta haina kosa letu. Ndege zetu zinaanguka kwa sababu ni za zamani, kwa sababu zinajazwa kupita kipimo, kwa sababu hakuna habari za hali ya hewa, kwa sababu pisti imeharibika. Rubani hata akilala Addis mwaka mzima, akirudi atakuta mizani imezimwa na mfanyabiashara anaongeza magunia. Ni kweli. Mwaka wa 2010, tarehe 25 Agosti, ndege ya L-410 ilianguka Bandundu, watu 20 wakafa, mmoja akaokoka. Huyo alisimulia kwamba mamba alitoka ndani ya mfuko wa abiria, watu wakakimbilia mbele, ndege ikapoteza usawa. Hakuna mwalimu wa simuleta mwenye kitufe cha mamba.

Wanasema pia kwamba mashine haijui nchi yetu. Hapo Kilambo, upande wa Walikale, ndege zilikuwa zinatua juu ya barabara ya lami kuchukua kasiterite, watu na magari wakisimamishwa pembeni. Rubani wa Boeing aliyehitimu vizuri kabisa angeifunga ndege yake na kurudi nyumbani. Ujuzi wa kutua Kilambo haukutoka katika kontena yenye miguu sita, na hauna budi kuheshimiwa. Kwa miaka mingi mtu wa Shabunda alikula chumvi na kuoga na sabuni kwa sababu ya marubani hao.

Na simuleta yenyewe inajua tu kile kilichowekwa ndani yake. Tarehe 10 Machi 2019, Boeing 737 MAX ya Ethiopian iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka na watu 157. Shirika hilo lilikuwa na simuleta nzuri. Baadaye, mwezi wa Mei mwaka ule, Boeing yenyewe ilikubali kwamba programu ya simuleta za MAX ilikuwa na kasoro iliyopaswa kurekebishwa. Basi mashine inaweza kudanganya, kama vile kitabu kinavyoweza kudanganya. Hakuna aliyefunga mashule kwa sababu hiyo.

Hoja hizi zote zinaonyesha kwamba simuleta haitoshi. Hakuna hata moja inayoonyesha kwamba si ya lazima. Mizani ifanye kazi yake, pisti itengenezwe, fundi alipwe; bado siku ambayo injini itakufa juu ya mwendo wa V1, kitakachobaki ni mguu wa mtu mmoja na sekunde tatu.

Halafu kuna jambo ambalo mashine inalifundisha kwa mtu wa kwetu na ambalo halisemwi sana: kusema na kusikia. Katika Boeing hakuna rubani wa peke yake. Mmoja anaendesha, mwingine anaangalia, anataja mwendo, anasoma karatasi ya ukaguzi, na akiona kosa analisema kwa sauti. Komanda wa Caravan mara nyingi amefanya kazi peke yake, au pamoja na kijana aliyekaa kimya upande wa kulia kwa heshima. Huku kwetu mdogo hamkatizi mkubwa. Mtoto wa watu atamwambiaje mzee mwenye saa elfu tano angani, «Papa, tunashuka mno»? Ndani ya simuleta anapaswa kusema, na mzee anapaswa kujibu. Asiposema, mashine inaanguka na wote wawili wanaulizwa. Pengine hili ni gumu kuliko mguu wa kulia. Na pengine ndilo lingeokoa watu wengi zaidi.

Aibu ipo, haifichiki. Mtu anayeitwa komanda tangu uwanja wa ndege mpaka kanisani, ambaye wakimbizi walimpigia makofi alipotua na dawa, anakaa mbele ya mwalimu wa miaka 30 na kuua abiria 160 wa uongo mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Wengine wanarudi na hasira na kusema mashine ni mbovu. Shirika lenye akili litawachagua wale wanaorudi na kueleza kosa lao bila kulazimishwa.

Tena hata akifaulu, hatoki humo na kubeba watu siku inayofuata. Kwa kawaida rubani anayetoka kwenye ndege ndogo anapelekwa kwanza katika Boeing ya kweli, bila abiria, anaruka na kutua mara kadhaa mchana kweupe. Baadaye anakaa kiti cha kulia kando ya komanda anayemfundisha, safari nyingi. Anayedhani huo ni upotevu wa pesa ajiulize angependa komanda gani ampeleke mtoto wake.

Sasa turudi kwa ndege ndogo, maana makosa makubwa ya nchi yako upande huo. Mazungumzo yote ya simuleta yanahusu Boeing, kwa sababu Boeing ina jina na picha za mawaziri. Lakini familia zilizokimbia Djugu, Irumu, Masisi na Fizi hazipandi Boeing. Dawa zao, madaktari wao, mgonjwa wao anayehitaji kupasuliwa leo, vinapita katika Caravan, L-410 na ndege za aina hiyo. Simuleta za Caravan zipo. Huko Wichita, Marekani, mji ambao Cessna inatengenezwa, marubani wanafungiwa ndani yake kama wa Boeing, wanazimiwa injini, wanawekewa mawingu na milima. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka rubani wa shirika apimwe mara mbili kwa mwaka. Kipimo hicho kikifanyika ndani ya ndege ya kweli, angani karibu na uwanja, mpimaji mwenye akili hawezi kumwekea rubani hatari yote. Wote wawili wanataka kurudi nyumbani. Kwa hiyo rubani anapimwa yale anayoyajua tayari.

Tangu mwaka wa 2006 mashirika yote yaliyo chini ya usimamizi wa Congo yamezuiwa kuruka kwenda nchi za Umoja wa Ulaya. Viongozi wanalalamika kila orodha mpya inapotoka. Marufuku hiyo inahusu usimamizi wa serikali kuliko ujuzi wa rubani mmoja mmoja, lakini njia ya kutoka humo inapita kwenye karatasi zinazoonyesha nani alifundishwa, wapi, lini, na alishindwa nini kabla ya kufaulu. Karatasi hizo zinapatikana kwa urahisi pale palipo na simuleta, maana mashine inaandika kila kitu.

Pesa itatoka wapi? Mafunzo ya ndege moja kubwa yanagharimu makumi ya maelfu ya dola kwa rubani mmoja, na hakuna kijana wa Bunia mwenye kiasi hicho. Lakini nchi hii ina Go-Pass. Ilipoanza mwaka wa 2009, kila abiria alitozwa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya nje, na tozo hiyo imeendelea. Mama anayempeleka mtoto hospitali anailipa, mwanafunzi anailipa, aliyekimbia vita na kupata tiketi kwa msaada wa ndugu anailipa. Iliwekwa kwa ajili ya kuendeleza viwanja vya ndege. Pisti inahesabiwa kuwa maendeleo, ukuta unahesabiwa, jengo la kungojea linahesabiwa. Rubani anayetua juu ya pisti hiyo hahesabiwi. Wabunge wa Ituri na wa Kivu zote mbili wanaweza kuomba kwamba sehemu ya pesa hiyo, hata ndogo, iende kwenye mafunzo ya marubani wa ndege ndogo wanaohudumia sehemu zisizo na barabara, na kwamba anayefundishwa kwa pesa hiyo afanye kwanza miaka kadhaa huku kwetu kabla ya kuhamia Boeing.

Jambo la pili halihitaji hata dola moja. Mamlaka ya usafiri wa anga inaweza kuamuru kila shirika litangaze tarehe ambayo marubani wake walipimwa mara ya mwisho, na kama kipimo kilifanyika katika simuleta au katika ndege. Abiria wa Caravan tayari anapandishwa kwenye mizani na mfuko wake, mbele ya watu wote, ili uzito wake ujulikane. Karatasi ya tarehe hizo ingebandikwa palepale, kando ya mizani.